Ubeti Mmoja Tu

Voi, 9 Machi 2025

Kwako Kaka Morris,

Salamu kutoka Voi, na zimfikie Mama kabla hazijakufikia wewe. Goti lake linaendeleaje? Nimemtumia dawa ya kuchua pamoja na barua hii, iko kwenye mfuko mweusi, na nimemwambia dereva wa gari la huko asimpe mtu mwingine. Mimi ni mzima. Joto la hapa unalijua. Duka la Bwana Donald limechangamka kwa sababu watu wananunua mbegu, kwa hiyo kutwa nzima napima mahindi na kueleza watu dawa ya viwavi. Huko mmeanza kupanda?

Ninaandika kwa mkono kama mtoto wa shule kwa sababu umeniblock kwenye simu yako, na nikipiga ya Mama unaipokea wewe, ukisikia ni mimi unakata. Sawa. Barua angalau utaisoma hadi mwisho ndipo uitupe.

Ninataka saksafoni yangu. Siku tuliyomzika Baba, tarehe kumi na nane Januari, uliichukua mikononi mwangu nikiwa bado nimesimama kando ya kaburi, mbele ya watu wote, ukaenda ukaifungia chumbani kwako. Sikusema neno kwa sababu ilikuwa mazishi. Sasa zimepita wiki saba. Baba alinipa mimi saksafoni ile, hakukupa wewe wala kanisa, na Mama alikuwepo alipotamka. Wewe hata kuipuliza itoe mlio huwezi.

Najua umekasirishwa na wimbo. Nilikuwa nabuni. Jazi ndivyo ilivyo: unapewa wimbo, unaupiga ulivyo, halafu unatoka unasema maneno yako mwenyewe juu yake, papo hapo, bila kuandikiwa. Nilitaka Baba asindikizwe na kitu ambacho hakuna mtu mwingine amewahi kupigiwa. Kama hukuelewa ungeuliza, badala ya kunipokonya kama mwizi.

Mpe dereva wa gari la Rukanga Jumamosi hii, ikiwa ndani ya kasha lake.

Dada yako,
Kasiva


Kasigau, 6 Aprili 2025

Kasiva,

Salamu zimefika. Mama anapaka dawa, goti ni lile lile. Mvua ilinyesha siku mbili ikaacha. Mahindi ya upande wa juu yameota. Ndovu walipita kwa jirani Jumanne, kwetu bado. Mchungaji anakusalimu, jambo ambalo mimi nisingelifanya kama ningekuwa yeye.

Unasema sikuelewa. Nitakuandikia nilichoelewa. Jioni kabla ya mazishi tulikaa mezani, wewe, mimi, Austin, na wale majirani wawili wa kushika kamba za jeneza. Tukakubaliana ubeti mmoja tu. Hapa kwetu unajua tunavyozika, hakuna mtu anayesimama kuhesabu moja, mbili, tatu mbele ya maiti. Wimbo ndio unaoiambia mikono. Ukianza tunanyanyua jeneza, mbao za juu ya kaburi zinaondolewa, tunashikilia. Ukifika mstari wa mwisho tunashusha. Ukakubali. Ukasema hata, "Ubeti mmoja ni dakika moja, msijali."

Ulianza vizuri. Watu walilia, hata mimi. Ukafika mstari wa tatu, ukakata kona ukaenda zako. Tukangoja mstari wa mwisho. Wanaume wanne wamemning'iniza baba yako hewani saa saba ya mchana, na wewe umefumba macho unapanda na kushuka. Ukionekana unarudi, tunaanza kushusha. Unaondoka tena. Mara tatu. Halafu upande wa kichwani ukaenda chini peke yake. Nilimsikia Baba akigonga mbao ndani ya jeneza, Kasiva. Sauti hiyo nitakufa nayo.

Huku Rukanga mtu akihutubia mkutano bila kumaliza, watu wanasema anapiga ya Kasiva. Nimeona nikwambie, ili ujue umepata jina.

Saksafoni iko mahali pazuri. Andika barua, uiseme kwa jina lako kwamba ulikosa, kwamba uliacha tulichokubaliana ili ujionyeshe. Nitaisoma kanisani mbele ya wale wale waliokuwa kaburini. Baada ya hapo tutaongea habari ya saksafoni.

Morris


Voi, 27 Aprili 2025

Morris,

Salamu kwa Mama. Mwambie nimehama chumba, sasa niko karibu na stesheni ya zamani, maji yanakuja siku tatu kwa wiki. Mwambie pia sijakonda, kwa sababu najua atauliza. Zako leo sina, nikizipata nitakuandikia.

Barua ya kusomwa kanisani hutaipata. Siwezi kuomba msamaha kwa kupiga muziki. Eti nijionyeshe! Nilikuwa nampigia baba yangu. Wewe ulitaka wimbo uwe kengele ya kuwaambia wapagazi watue mzigo, na mimi si kengele ya mtu.

Unajua ninafanyaje mazoezi sasa, kwa hisani yako? Kuna mwanamke anaitwa Rita, ana bendi ya watu wanne inayopiga jazi katika hoteli moja ya watalii nje ya mji, yeye ndiye wa kinanda. Jumapili mchana ananiruhusu nijifunze nao. Wenzangu wana ala zao. Mimi nina mpini wa jembe. Sikutanii. Nilichagua mpini mwembamba pale dukani, nikauchora alama mahali ambapo vidole vyangu vingekaa kwenye saksafoni, na ninaushika hivyo huku naimba kwa do re mi, vile tulivyofundishwa kwenye kwaya. Rita anasema nisichoweza kukiimba nisithubutu kukipiga. Mwezi wa tatu wote alinipa noti tatu peke yake, nijifunze kusema kila kitu kwa hizo tatu. Wiki mbili za kwanza nilitaka kulia. Siku hizi ninaweza kukutukana kwa noti tatu na mtu akaelewa ni wewe unayetukanwa.

Sasa ameniongezea nyingine, na kila kipande ninachokijua lazima nikiimbe nikianzia chini, halafu juu kidogo, halafu juu tena, mpaka nimalize ngazi zote kumi na mbili. Wateja wananiona nikichezesha vidole kwenye mpini huku naimba, wanamwuliza Bwana Donald kama niko sawa. Anawajibu kwamba mpini huo hauuzwi.

Tarehe mbili Agosti Rita anachagua mpiga saksafoni wa bendi. Ni kazi ya kila wikendi, ndiyo nimeitaka tangu nilipoanza kujifunza, na sijui kama nitapata nyingine karibu na hapa. Mpini hautanipa kazi hiyo. Ninahitaji saksafoni yangu kabla ya siku hiyo. Na unapoandika kwamba iko mahali pazuri, sijui unamaanisha nini. Mahali pake ni shingoni mwangu.

Kasiva


Kasigau, 15 Juni 2025

Kasiva,

Barua yako nilikaa nayo. Kulikuwa na kazi. Ndovu waliingia mwezi uliopita, wakala upande wa juu wote, wakang'oa na bomba la tangi. Tutavuna madebe machache ya upande wa chini, Mungu akipenda. Mama alianguka akikimbilia mlango. Hakuumia sana, usianze.

Nimefurahi kusikia habari ya mpini wa jembe. Ukija kuutumia huku, kwenye shamba ambalo linalimwa na mtu mmoja, utapata mazoezi ya kutosha.

Unasema wewe si kengele. Baba alipiga saksafoni hiyo katika bendi ya kanisa miaka thelathini. Harusi, mazishi, Krismasi. Hakuna siku watu walimngoja amalize. Alikuwa anafika mwisho pamoja nao, na baadaye anakula pamoja nao, na hakuna aliyemwona mdogo kwa sababu hiyo.

Nina swali moja. Kwa nini hukumaliza? Ubeti ule una mistari minne. Unaujua tangu una miaka sita. Kama ni kubuni, ungebuni, ukamaliza. Mimi nilikuwa nimesimama mbele yako, nilikuwa nakutazama usoni. Sitaandika nilichokiona. Kiandike wewe, katika barua ile ninayoingojea.

Saksafoni iko salama.

Morris


Voi, 29 Juni 2025

Morris,

Umeandika kwamba Mama alianguka na kwamba nisianze. Nimeanza. Anatembea au hatembei? Nijibu hilo hata kama mengine yote utayaacha. Unashika simu yake, unashika barua zangu, unamsomea unachotaka, halafu unanipa habari ya mama yangu katikati ya habari za bomba la tangi. Nimemtumia kitenge na majani ya chai. Nikisikia vimekaa kwako tutakosana zaidi ya hapa, kama bado kuna nafasi.

Sasa sikiliza. Alhamisi Austin alikuja dukani kununua dawa ya kupe. Mimi sikumwuliza kitu, ni yeye aliyeanza. Alishika kamba ya upande wa miguu siku ile, akitazamana nawe. Alizungusha maneno kwanza, akauliza bei ya vitu ambavyo hanunui, halafu akasema, "Kasiva, si wimbo wako uliangusha mzee. Ni Morris aliachilia kamba na mkono moja, akikuonyesha unyamaze."

Nimeandika alivyosema, sikuongeza. Wanaume watatu walishika kwa mikono miwili. Wewe ulishika kwa mmoja, kwa sababu mwingine ulikuwa na kazi ya kunikemea. Na tangu Aprili unaniandikia kwamba nilimwangusha Baba, unaniambia habari ya sauti utakayokufa nayo, unanitaka nisimamishwe kanisani kwa karatasi. Una uso wa chuma wewe.

Siku zimebaki thelathini na nne. Lete saksafoni.

Kasiva


Kasigau, 8 Julai 2025

Kasiva,

Anatembea.

Austin alikuwa akipigwa na jua usoni, na hata kabla ya jua unamjua anavyopenda kuwa shahidi.

Agosti ni karibu. Nangoja barua ya kusomwa kanisani. Sina zaidi.

Morris


Voi, 16 Julai 2025

Morris,

Asante kwa neno moja kuhusu Mama. Nimelisoma mara nyingi.

Umeshinda. Barua yako ya kanisa ndiyo hii hapa chini. Naiandika kwa sababu nataka saksafoni, usijidanganye kwamba umenigusa moyo. Lakini nikiiandika siwezi kuandika uongo ndani yake, kwa hiyo utapata zaidi ya ulichoomba. Isome yote. Usiongeze neno lako hata moja.

"Kwa Mchungaji, kwa Mama yangu, na kwa wote mliokuja kumzika baba yetu Zephaniah. Nilikubali kupiga ubeti mmoja. Niliupiga hadi mstari wa tatu, nikatoka, nikidhani nitabuni kidogo halafu nirudi. Tangu siku ile nimekuwa nikisema kwamba nilikuwa nabuni. Si kweli. Nilipotea. Anayebuni hauachi wimbo. Wimbo unaendelea kimya kimya chini yake, na yeye anajua uko wapi, ili akitaka auingie tena. Mimi niliuacha. Nilipotaka kurudi sikujua nimefika mstari gani. Nilijaribu mara tatu na kila mara niliingia mahali pasipo penyewe. Niliona kamba zinatetemeka, nikajua mnaningoja. Ningeweza kunyamaza. Nikazidi kupuliza, kwa sababu niliogopa mkijua kwamba sijui. Nilikuwa na miezi minane tu ya kujifunza jazi, nikajifanya fundi juu ya jeneza la baba yangu. Naomba msamaha kwa Mama, na kwa wote walioshika kamba. Kasiva Zephaniah."

Hiyo ni ya kanisa. Kwako nitaongeza kidogo, kwa sababu ulisema ulinitazama usoni. Nililijua hili mwezi wa tano. Rita aliniambia niimbe mistari mitatu ya wimbo ule ule, ninyamaze, niuache upite wenyewe kichwani, kisha niingie mstari wa mwisho yeye akiwa anahesabu kimoyomoyo. Niliingia nimechelewa. Nikarudia, nikawahi. Nilirudia hadi mpiga ngoma akaenda kula. Nilikaa chini na mpini wangu nikajua kilichotokea Januari, na hata Rita sikumwambia. Wewe ndiye wa kwanza, na sikukuchagua.

Gari la Rukanga litakuwa hapa Jumamosi tarehe ishirini na sita. Nitalingoja stendi.

Kasiva


Kasigau, 28 Julai 2025

Kasiva,

Mama ni mzima. Anakusalimu, na mara hii ni yeye mwenyewe aliyesema.

Barua yako nimeisoma kanisani jana baada ya matangazo. Niliisoma yote bila kuongeza. Nilidhani watu watanong'ona, au Mchungaji atasema tuombe. Nilipoinua macho hakuna aliyekuwa akiitazama karatasi. Walikuwa wananitazama mkono. Kanisa zima. Walikuwepo, waliona, na tangu Januari wamekuwa wakinisalimu kwa mkono huo huo kila Jumapili bila kusema kitu. Mama alikuwa kiti cha mbele. Yeye peke yake aliangalia chini.

Austin alisema kweli. Niliachilia. Nilikuwa na hasira nawe hata nikasahau nimeshika nini.

Kuna lingine. Saksafoni haiko hapa. Niliipeleka Wundanyi mwezi wa pili, kabla hujaandika barua ya kwanza, nikaitoa sadaka kwa kanisa moja lenye bendi. Sikutaka kuiona ndani ya nyumba. Jumamosi sikukutumia kwa sababu hakukuwa na kitu cha kutuma. Ijumaa nilikuwa nimepanda huko kuiomba. Walinikaribisha chai, wakanieleza kwamba imeshaombewa na ina mtu wake anayeipiga, na kilichotolewa madhabahuni hakirudi. Walikuwa na adabu, hata sikuweza kugombana nao.

Utauliza kwa nini nilikudai barua kwa kitu nisichokuwa nacho. Nilitaka kosa lisomwe kwa jina lako mbele ya watu, liishe. Nilifikiri likisomwa litakuwa lako kweli.

Usidhani nimekusamehe. Ungeumaliza ubeti ule, mikono yangu yote miwili ingekuwa kwenye kamba.

Morris


Voi, 10 Agosti 2025

Morris,

Salamu kwa Mama. Barua yako ilinifikia Alhamisi, siku mbili kabla ya siku ya Rita. Nilikuwa nimeshanunua mkanda mpya wa shingoni, na vile vijiti vya mdomoni ambavyo havipatikani Voi, nimeviagiza Mombasa. Viko mezani hapa.

Nilienda hivyo hivyo, bila ala. Nilimweleza Rita kwa kifupi, akaniambia niimbe. Niliimba wimbo wao mizunguko mitatu, kinanda kikibadilika chini yangu. Nilitoka, nikarudi, na kila nilipotoka nilijua niko wapi. Mzunguko wa tatu nilikaa kimya karibu nusu yake, nikaingia pale pale. Mpiga ngoma alicheka kwa furaha. Sijawahi kuimba vile, na sikuwa na hofu hata kidogo.

Rita alifunga kinanda, akasema, "Sikio liko. Lakini hoteli inataka saksafoni, Kasiva, na mimi siwezi kuwapelekea sauti yako na mpini." Nafasi amepewa mtu anayeitwa Ronald, wa Mtwapa, mwenye ala yake. Anapotea katika mzunguko wa pili na hajui kama anapotea. Mimi nilijua. Nilikaa pale nikamsikiliza hadi mwisho, nikampigia makofi.

Sitaki ununue nyingine, na sitaki upande Wundanyi tena kwa ajili yangu. Maelezo pia nimeshiba. Ulinisubirisha kuanzia Aprili hadi Julai kwa kitu ulichokuwa umeshakigawa, na ukakubali nivue nguo mbele ya kanisa zima ukijua huna cha kunipa. Mkono kuachilia kamba kaburini ningekusamehe, ulikuwa na hasira na mimi ndiye niliyekutia. Hili la barua ulilifanya ukiwa umekaa, umeshika kalamu, miezi minne. Hilo nakuambia wazi kwamba sitakusamehe, na usinitumie Mchungaji.

Nina ombi moja. Mama sijamwona tangu mazishi. Niandikie ni siku gani huwa hauko nyumbani, na saa ngapi unatoka, nije nikae naye.

Kasiva


Kasigau, 24 Agosti 2025

Kasiva,

Jumanne na Ijumaa niko Maungu kwenye kamati ya maji. Natoka saa mbili asubuhi, narudi saa kumi. Mama nimemwambia. Amesema uje Jumanne.

Morris